Kiroba cha Nywele Njia Panda

Kabla sijaanza naomba mjue kwamba mkasa huu siupendi, na kama si shemeji yangu hapa kuuchokoza mbele yenu (tena kwa kuukosea, eti nilifumaniwa na hirizi) ningeendelea kunywa chai yangu kimya. Lakini aibu ikishatajwa bora mwenyewe aisimulie, maana wengine huongeza chumvi, na hii yangu ilikuwa na chumvi ya kutosha tangu jikoni. Mimi Fidelis, mtu mzima, baba wa Deo, kinyozi mwenye kibanda na kioo chake pale Mlabani, nilijivua kofia mwenyewe mbele ya mtaa mzima asubuhi kweupe nikawaonyesha wateja wangu kitu ambacho kinyozi hatakiwi kuwa nacho, na hata hilo halikuwa baya kuliko yote ya siku ile. Nikicheka katikati msinifuate, mimi nacheka kwa kujihurumia.

Mambo yalianza na taka. Zamani mtaani kwetu taka zililipiwa kwa mwezi, kila nyumba kiasi kilekile, uwe umetupa maganda ya ndizi mawili au umetupa nusu ya nyumba. Wenye taka kidogo wakanung'unika, Mama Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, ikaamuliwa kila mtu alipie anachotupa: kikundi cha usafi kinapita asubuhi na guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, filimbi inalia, unatoa kiroba chako, unalipia hicho hicho, dada wa guta anakifunga mdomo kwa kamba ya kijani kuonyesha kimelipiwa, basi. Mimi mkutanoni nilipiga makofi kuliko wote (kuna watu wananikumbusha mpaka leo) kwa sababu nilipiga hesabu ya taka za nyumbani kwangu nikaona nimepona. Nikasahau kabisa kwamba nina kibanda, na kibanda kina nywele.

Nywele, jamani, ukiziweka kwenye mizani ni upepo, ukiziweka kwenye kiroba zinajaa hadi juu. Nilimwambia Zuhura, yule dada wa guta, kwamba si haki mimi kulipia upepo sawa na mwenye kutupa mapumba na majivu. Akaniangalia tu. "Kaka, sisi hatupimi, tunahesabu viroba," akasema, akapuliza filimbi yake akaondoka.

Mtauliza kwa nini nisizifukie. Nilikuwa nafukia, nyuma ya kibanda, miaka yote. Lakini masika ile mvua ilipitiliza, na Ifakara mnaijua, ukichimba mpaka magotini umekutana na maji, sasa asubuhi moja nafungua mlango wa nyuma nakuta shimo limefurika na nywele zimepanda juu zinaelea, nyeusi, zimeshikana kama mkeka, zimefuata mfereji taratibu hadi mlangoni kwa jirani. Nilizivuta kwa reki peke yangu kabla watu hawajaamka, na niwaambie ukweli, zilikuwa nzito kwa namna ambayo nywele haziwi. Kuzichoma nako harufu yake majirani hawaitaki. Na kuzitupa ovyo ndiyo usithubutu, maana huku kwetu nywele za mtu si maganda ya viazi. Wazee wengine wakishanyolewa wanaokota zao wanafunga kwenye karatasi wanaondoka nazo. Wengine wanauliza tu, kwa sauti ya utani ambayo si utani, "Kinyozi, zetu unazipeleka wapi?" Nami jibu langu siku zote lilikuwa moja, "Ziko salama, nazifukia," hata baada ya kuacha kufukia.

Hapo lazima niwaeleze neno moja wale msiotoka kwetu. Kuanzia Ifakara hadi ng'ambo kule Ulanga na Mahenge, kunyolewa kuna maana mbili. Kuna kunyolewa kwangu, unakaa kwenye kiti, redio inaimba, unatoka unanukia spiriti. Na kuna kunyolewa kwingine: mtu akishukiwa uchawi anachukuliwa anapelekwa kwa mtaalamu, ananyolewa nywele zote, ananyweshwa dawa, anarudishwa nyumbani eti amesafishwa. Anarudi akiwa hai, ndiyo, na watu wanamsalimia. Ila tangu siku hiyo hakuna anayekubali chakula chake, na akipita watoto wanaacha kucheza.

Sasa mimi, pamoja na viroba, nilikuwa na siri nyingine iliyonikalia kichwani, na nasema kichwani kweli. Nilikuwa na mapunye. Kinyozi mzima, mapunye, mabaka mawili ya duara nyuma ya sikio na moja utosini, nadhani niliambukizwa na mtoto mmoja niliyemnyoa. (Msijikune, nilishapona.) Nilivaa mzula, kofia ya sufu, mchana na joto la Kilombero lote lile, nikijipaka dawa kwa kujificha, na makopo ya ile dawa nilikuwa nayatupa kwenye kiroba cha kibandani, chini kabisa, ndani ya nywele. Na kikundi cha usafi kilikuwa na tabia ya kufungua viroba kutoa chupa na makopo ya kuuza. Mnaona? Kiroba changu nilikuwa na sababu mbili za kutokumpa Zuhura, ya mfuko na ya kichwa, na ubahili ukikutana na aibu mtu hupata akili ambazo ni afadhali angekosa.

Akili niliyopata ni hii: nitaamka alfajiri, nitafunga kiroba kwenye keria ya baiskeli, nitakipeleka bondeni nikakitupe kwenye mtaro wa mashamba ya mpunga, maji yatakichukua, kwisha habari. Kiroba kilikuwa cheupe, cha unga. Ndani kulikuwa na nywele, nyembe zilizokwisha makali, kipande cha kioo kilichovunjika, na kwa kuwa nilikuwa nasafiri na taka nikaona nimsaidie mke wangu, Mama Deo, nikaongeza za jikoni: manyoya ya kuku wa Jumapili, kichwa chake, miguu yake, maganda ya mayai, ndimu zilizokamuliwa. Kamba sikuwa nayo. Nikachana utepe kwenye kile kitambaa changu chekundu kikuukuu cha kufunika wateja, nikafungia mdomo. Hebu jipangieni wenyewe hizo rangi, nyeupe, nyeusi, nyekundu, halafu kuku, halafu wembe. Hata mganga angeniomba nimwachie kidogo. Lakini mimi niliona taka tu, kwa sababu zilikuwa za kwangu.

Nikatoka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni ukajaa barabarani, hata gurudumu la mbele nilikuwa silioni vizuri, na kulikuwa na ukimya ambao sikuupenda, kwa sababu mtaa wetu una mbwa wengi wasio na adabu na asubuhi ile hakuna aliyebweka. Nikawa naendesha nasikia kiroba kimeegemea mgongo wangu. Kilikuwa na joto. Nilijiambia nywele hutunza joto, ni kama sweta, na nikaendelea kujiambia hivyo hadi njia panda, pale penye ua wa Bibi Skola.

Bibi Skola alikuwa mjane, amekaa pale peke yake tangu mimi nikiwa mwanafunzi, mnyenyekevu, mtu wa kanisani, nilikuwa namnyoa bure kila mwezi. Mtaa mzima ulimheshimu na kidogo ulimwogopa, kwa sababu alikuwa na majani ya dawa uani, alishazika waume wawili, na hakuna aliyewahi kumwona anaumwa. Basi nafika pale njia panda, naona taa ya baiskeli inakuja mbele yangu kwenye ukungu, nikajua huyo ni Mama Mwenyekiti anawahi misa ya kwanza. Nikaogopa kukutwa na kiroba kisicho na kamba ya kijani. Nikakifungua haraka kwenye keria, nikakisukumia pembeni ya ua wa Bibi, nikijisemea nitapitisha dakika chache nirudi kukichukua.

Hapo ndipo nilipoitwa. "Fidelis." Sauti ya kike, ya kizee, kutoka nyuma ya ua, karibu kabisa. Haikuwa kali. Mtaani wote wananiita Fide au Kinyozi au Baba Deo, anayelitaja jina langu lote ni Bibi Skola peke yake, kwa hiyo nilijua ni yeye, ameniona, na wajibu wangu ulikuwa kusema shikamoo Bibi na kujieleza. Sikusema shikamoo. Nilipanda baiskeli nikakanyaga pedeli kama mwizi wa kuku, na ile taa iliyokuwa inakuja sikupishana nayo, sijui ilikata kona wapi, maana pale hakuna kona. Nikarudi nyumbani nikajifunika shuka. Mama Deo akauliza mbona natetemeka, nikamwambia baridi.

Kulipokucha nilisikia watu wanapita mbio. Nikavaa mzula wangu nikatoka, na moyoni nilikuwa nimeshajua.

Kiroba kilikuwa katikati. Si pembeni ya ua nilipokiacha, la, katikati hasa ya njia panda, kimesimama wima, utepe wangu mwekundu haujaguswa. Watu walikuwa wamekizunguka kwa mbali. Na mbwa, wale mbwa wasio na adabu, walikuwa wamekaa upande wa pili wamekitazama, na mle ndani mlikuwa na kichwa cha kuku, na hakuna hata mmoja aliyesogea.

Aliyekipasua ni Kassian. Huyu ni jirani yangu, dereva wa bodaboda, kijana mzuri tu, lakini mke wake alikuwa amelala ndani muda mrefu miguu imevimba, wamezunguka hospitali na kwa waombeaji, na mtu aliyechoka kwa ugonjwa usio na jina hutafuta mwenye jina. Alichukua mti mrefu akachoma kiroba ubavuni akavuta chini. Nywele zikamwagika. Zilitoka polepole, zikaendelea kutoka, sikuwahi kujua nimenyoa watu wengi kiasi kile. Kisha manyoya, kisha nyembe, kisha miguu ya kuku.

Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho ninachokikumbuka usiku nikikosa usingizi. Kijana mmoja aliyekuwa amepaka rangi ya njano kichwani alinyoosha kidole akasema taratibu, "Zile pale ni zangu." Ilikuwa kweli, zilikuwa zinang'aa kwenye lundo. Mama mmoja akasema zile za singa ni za mwanawe. Wakaanza hivyo, mmoja baada ya mwingine, wanachungulia, wanajiona, na kila aliyejiona anainua mkono anajishika kichwa. Hata mimi nilijishika. Nilitazama watu wote wale wamesimama kwenye ukungu mikono kichwani, nikatamani kusema ni taka, ni taka zangu tu, na mdomo ukagoma.

Halafu, sikilizeni, wakaniita mimi. Mama Mwenyekiti akasema, "Kinyozi, hebu njoo wewe mwenye kuzijua nywele utuambie hizi ni za kina nani." Nikasogea, nikachuchumaa kwenye taka zangu mwenyewe, nikakunja uso kama daktari. Nikasema ni za watu mbalimbali. Mama Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa heshima. Nikiwakumbuka walivyokuwa wananiamini natamani ardhi inimeze hata leo.

Katikati ya hayo guta likafika. Zuhura akashuka, akaangalia, akarudi nyuma hatua moja. "Hicho sikibebi," akasema. "Hakina kamba."

"Kina utepe mwekundu," Kassian akasema. "Nani ana kitambaa chekundu hapa mtaani?"

(Vitambaa vyangu vyekundu vilikuwa vinaanikwa kila siku mbele ya kibanda, mtaa mzima unaviona. Hakuna aliyekumbuka. Mtu akishaamua kuona uchawi, kitambaa cha kinyozi hakioni.)

Macho yakahamia kwenye ua wa Bibi Skola, maana kiroba kilikuwa mbele yake. Na chini ya lundo zilikuwepo nywele nyeupe, laini, na wote tulijua mtaani mvi za namna ile ni za nani. Mtu akasema ameweka zake ili zitawale za wengine. Mwingine akasema ndiyo maana haumwi. Kassian alikuwa ameshawasha pikipiki. Nikamsikia anamwambia mwenzake, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kuna gari linaenda ng'ambo kwa mtaalamu, waseme mapema liwabakizie nafasi.

Wakagonga kwa Bibi. Kimya. Wakagonga tena. Basi tukiwa tumeangalia mlango, nyuma yetu tukasikia pikipiki inasimama, na anayeshuka ni Bibi Skola mwenyewe, na kikapu chake na kitenge cha msibani. Alikuwa anatoka kijiji cha Mbingu kwa binti yake, kulikuwa na msiba, amelala huko, ameondoka na gari la kwanza. Dereva aliyemleta akathibitisha amemchukua stendi sasa hivi.

Ninyi mlioelewa mmeelewa. Kama Bibi alilala Mbingu, sauti ile nyuma ya ua wake haikuwa ya Bibi.

Nilidhani hapo mambo yameisha, mtu alikuwa safarini. Lakini Kassian akasema, "Wachawi hawahitaji nauli," na nikaona watu wanakubali, watu wenye akili zao, mwalimu akiwemo, wananyanyua na kushusha vichwa. Wakamzunguka. Bibi aliweka kikapu chini. Hakulia, hakujitetea, alitazama zile nywele, akatazama ule utepe, halafu akaanza kututazama sisi usoni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Vijana wawili wakamshika mikono, wakiwa wamemwamkia kwanza (ndiyo, walisema shikamoo Bibi, akasema marahaba, kisha wakamshika). Macho yake yakanifikia. Nilikuwa nyuma ya mtu mnene.

Sijui kwa nini nilisema wakati ule na si kabla. Nilisikia tu sauti yangu. "Ni mimi niliyetupa."

Watu wakageuka, nafasi ikapatikana yenyewe kunizunguka.

"Umemtupia nani?" Kassian akauliza.

"Sijamtupia mtu. Nimetupa tu."

"Mtu hatupi tu njia panda."

"Kassian, nimetupa taka. Hizi ni taka zangu za kibandani."

"Taka zinatupwa kwenye guta," akasema, na hapo, jamani, kila mtu akamtazama Zuhura, na Zuhura akasema kwa uaminifu wake wote, "Huyu wiki kadhaa hajatoa kiroba."

Lugha yetu hii. Kutupa na kutupia, herufi moja imeingia katikati na mimi nimeingia kaburini. Nikaona hawataniamini kwa maneno. Nikaingia kwenye lile lundo kwa mikono, naokota kimoja kimoja nakitaja: huyu ni kuku wa Jumapili, Mama Deo yupo hapo muulizeni (Mama Deo alikuwa ameshafika, amejiziba uso na kanga, akasema kupitia kwenye kanga, "Ni wetu, shingo niliikata mimi"), hizi nyembe ni za kibandani, hiki kioo alikivunja Deo. Kassian akasema vyote hivyo ndivyo vitu vya kichawi. Na alikuwa sahihi, orodha ile ukiisikia kwa masikio yake hata mimi ningejikamata.

Bibi bado ameshikwa mikono. Nikachimba chini kabisa nikatoa makopo.

"Na hii ni dawa ya mapunye," nikasema. "Mchawi haweki dawa ya mapunye kwenye mambo yake. Nilikuwa naificha. Ndiyo maana sikumpa Zuhura kiroba." Nikavua mzula.

Nikageuka taratibu wote waone, nyuma ya sikio na utosini. Mmoja wa wale vijana waliomshika Bibi akaachia mkono ili ajikune. Kisha mwenzake. Kisha mtaa mzima ukawa unajikuna, na yule kijana wa rangi ya njano akasema kwa unyonge, "Lakini Kinyozi, juzi si umeninyoa?"

Uchawi uliisha pale pale, kwa maana ya mtaa kuutaja. Ila hasira haikuwa na pa kwenda. Kassian alizima pikipiki, akaenda kibandani kwangu akarudi na wembe mpya, akaniambia nikae. Sikubisha. Kinyozi hajinyoi, mnajua wenyewe. Nilikaa kwenye tofali katikati ya njia panda, akaninyoa kavu, bila maji, kuanzia mbele kwenda nyuma, na nilipohisi watu wamesimama kimya wamenizunguka nilielewa kwamba hili halikuwa la mapunye. Walikuwa wananinyoa ule unyolewaji mwingine, wa ng'ambo, na hakuna aliyelitaja jina lake. Mama mmoja nisiyemfahamu aliinama akaokota nywele zangu zote, akazikunja kwenye karatasi, akaingia kwenye ukungu uliokuwa umebaki. Nilimuulizia baadaye. Kila mtu alidhani ni mgeni wa mwenzake. Mpaka leo sijui nywele zangu ziko wapi.

Zuhura alikusanya lile lundo kwa koleo. "Kimepasuka," akaniambia, "kitahesabika viroba viwili." Nikalipa.

Jioni nilikwenda kwa Bibi Skola na kichwa changu kinachochuruzika damu, nikapiga goti nikamwamkia, nikaomba radhi. Akaitika. Alikuwa anakunja nguo zake anaziweka kwenye sanduku. Nikamuuliza lile lililokuwa linanila, kama hakuna mtu aliyelala kwake usiku ule. Akasema nyumba ilikuwa na kufuli.

"Lakini niliitwa, Bibi. Nyuma ya ua wako."

"Alikuitaje?"

"Fidelis."

Akaacha kukunja. "Ukaitika?"

"Sikuitika. Nilikimbia."

"Basi hilo moja ulifanya vizuri," akasema, akaendelea na nguo.

Nikajikaza nikamuuliza anakwenda wapi, akasema Mbingu, kwa binti yake, na hatarudi. Nikamwambia mbona imekwisha, wote wamejua ni mimi, wamekuja kuomba radhi, hata Kassian amekuja. Akasema ndiyo, wamekuja, wamelia hata, na amewasamehe. "Ila nililala hapa miaka yote nikidhani nawajua," akasema. "Leo nimewaona walivyo. Nitalalaje tena?"

Akafunga sanduku, akakaa juu yake kama mtu anayesubiri gari. Halafu akaniambia, bila kunilaumu, kwamba yeye alipouona tu ule utepe alijua kiroba ni cha kwangu, kitambaa kile amefungwa shingoni mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

"Sasa Bibi, mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekupandisha wewe kwenye lile gari. Una mtoto mdogo." Akajipapasa kichwa, mvi zake fupi nilizomnyoa mwenyewe. "Mimi nikaona nina nywele ngapi zilizobaki, wacha wazichukue."

Nilimbebea sanduku hadi stendi kesho yake. Watu walisimama milangoni wakamwangalia anapita, na wote walimwamkia.

Basi ndiyo hivyo. Wateja walirudi, taratibu, mtu akihitaji kunyolewa hana kinyongo kirefu, na siku hizi kila mmoja anaondoka na nywele zake kwenye karatasi. Filimbi ikilia mimi ndiye wa kwanza kutoka, hata kiroba kisipojaa, na Zuhura akisema bei imepanda sinung'uniki, na nimeapa kwamba katika maisha yangu sitatafuta tena pa kutupa bure. Wenzangu hunicheka kwamba nimekuwa mlipaji mzuri. Wacha wacheke. Wao hawajawahi kukaa mbele ya bibi wa watu, wakaambiwa kwamba alikuwa tayari kuwalipia.